Mtama wa Mwezi wa Pili

Jirani yangu aliponiambia niandike nyuma ya zile picha tarehe ya ndoa ya bomani, nilipaswa kumwambia hapana. Halikuwa neno gumu. Nimewaambia hapana watu wakubwa kuliko yeye, hata diwani niliwahi kumkatalia kipande cha shamba langu mbele ya watu. Lakini siku ile nilikuwa na furaha isiyo ya kawaida, na kalamu ilikuwa mkononi. Nikamjibu, "Sawa, lete hizo picha." Nikaandika.

Picha zenyewe hazikuwa za uongo, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Binti yangu wa mwisho anafanya kazi masjala katika wizara moja kule Mtumba. Kazi yake ni kutunza mafaili, na huko ndiko alikokutana na mume wake, kijana Mrangi wa milima ya Kondoa aliyekuwa anaishi na kufanya kazi katika nchi moja ya baridi ng'ambo. Kijana alikuwa likizo, akaja ofisini kufuatilia faili la kiwanja cha marehemu baba yake. Faili lilipatikana mapema, lakini yeye aliendelea kuja. Binti yangu akinisimulia hilo alikuwa anacheka hadi anaziba mdomo kwa kanga.

Mimi sikucheka. Sisi ni Wagogo, ni Wakristo, na kijana alikuwa Mwislamu. Sikumtukana, nilinyamaza tu, na ukimya wangu ulikuwa mbaya kuliko tusi. Wazee wake walipotuma watu kuzungumzia mahari, niliwakaribisha chai, nikawaambia sina binti wa kuoza mwaka huo. Basi wale wawili wakaenda kufunga ndoa bomani, kila mtu abaki na dini yake. Ilikuwa mwezi wa nane. Mke wangu alienda. Mimi nilisema nina msiba kijijini Zuzu. Msiba ulikuwepo kweli, ila mimi na marehemu hatukuwa tumesalimiana kwa miaka, na kila aliyeniona pale makaburini alishangaa.

Ya siku ile ya bomani ilibaki picha moja tu. Watu wanne wamesimama barazani: bibi harusi, bwana harusi, mke wangu na rafiki wa kijana. Upepo wa mwezi wa nane unavuma, vumbi limejaa hewani, mke wangu ameshika shela ya binti yake kwa mikono miwili isipeperuke, na wote wamekunja macho kama watu wanaokula ndimu.

Kijana akarudi kazini kwake. Kila Ijumaa akitoka kuswali alinipigia simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Hapo namkabidhi mke wangu simu. Mwaka mzima tulikwenda hivyo. Nikadhani atachoka. Halafu Ijumaa moja, kabla sijaitoa simu sikioni, akauliza, "Baba, mvua zimeanza huko? Mtama umeshaota?"

Sijui nieleze vipi kwa mtu asiye wa huku kwetu. Mtu yuko kwenye theluji, anapanda treni za chini ya ardhi, halafu anauliza kama mtama umeota. Nikamwambia umeota, ila ndege wameanza kufukua. Akaniuliza nimepanda wa aina gani. Tukazungumza mpaka mke wangu akaja kusimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mzee, leo unaongea na nani hivyo?"

"Na mkwe wako," nikasema.

"Wangu peke yangu?"

"Wetu, basi."

Kuanzia hapo nyumba yetu ya Mkonze ikabadilika. Binti yangu alikuwa ameanza maombi ya kumfuata mumewe. Kule wanakotoa viza walitaka vielelezo kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli na haikufungwa kwa ajili ya kupata makaratasi. Mimi nilielewa hivi: wanataka kuhakikishiwa kuwa hawa wawili wanapendana. Nikajiambia, hilo mbona ni rahisi? Mbona mimi mwenyewe nimeshindwa kulipinga?

Nilijitosa katika kazi ile kama kijana aliyepata ajira ya kwanza. Meza ya kulia chakula ikawa ofisi. Binti yangu akirudi kutoka Mtumba jioni anakuta nimeshapanga: cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa mtaa. Barua hiyo niliifuata mwenyewe. Mtendaji aliniuliza ya nini, nikamweleza kwa kirefu mpaka watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kukohoa. Nilikwenda kwa wakili kula kiapo kwamba ninaitambua ndoa hiyo. Nilipoinua mkono nilihisi ninafungishwa ndoa mimi.

Jirani yangu ndiye aliyekuwa mshauri mkuu. Ni Mnyamwezi, mtani wangu, aliwahi kuwa tarishi mahakamani, na kwa sababu alibeba mafaili ya kesi miaka mingi aliamini anajua yaliyokuwa ndani yake.

"Wazungu wanataka ushahidi," alisema, akivuta kiti. "Ushahidi ni picha na maandishi. Maandishi yako wapi?"

Binti yangu akaleta bunda la karatasi alizochapisha steshenari, mazungumzo yake na mumewe ya kwenye simu. Nilivaa miwani. Nilisoma mstari mmoja, nikaivua.

"Baba, hizo si za kusoma wewe," akasema, amefunika karatasi kwa viganja vyote viwili.

"Kwani ameandika nini?" mtani akauliza, shingo ndefu.

"Ameandika habari za mvua," nikasema.

"Mvua gani hiyo inayomfanya mtoto aone haya?"

Mke wangu alicheka jikoni mpaka mwiko ukamwanguka. Binti yangu akakimbilia chumbani, na sisi wazee tukabaki tunapanga karatasi zile huku tukitazama dari. Bunda lilikuwa nene. Nakumbuka nililipima kwa mkono nikaona lina uzito wa kitabu, nikafurahi. Ndoa yenye maneno mengi hivi nani ataitilia shaka?

"Sasa picha," akasema mtani. Nikampa ile ya bomani. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Watu wanne? Na wote wamenuna? Hii ni picha ya mashahidi wa kesi ya ng'ombe. Baba wa bibi harusi yuko wapi?"

Nikainamia karatasi. Mke wangu ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Alikuwa Zuzu."

Kijana alikuwa anakuja likizo mwezi wa pili. Usiku ule sikuhitaji kufikiri sana. Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba nataka mahari ya binti yangu. Alinitazama kama vile nimempa habari ya kifo, kisha akakaa chini kwenye kigoda, akalia kwa furaha, akainuka akaanza kutafuta ngoma yake.

Kwetu binti huwa ameolewa siku baba yake anapopokea mahari. Cheti ni cha serikali na kina heshima yake, lakini ng'ombe wasipoingia zizini kwa baba, wazee husema huyo binti ameazimwa tu. Mimi nilikuwa nimemwacha binti yangu aishi kama aliyeazimwa kwa mwaka na nusu. Nilitaka kumaliza aibu hiyo kwa kishindo.

Na mvua ya mwaka ule ilikuja kutusaidia. Anayejua Dodoma anajua mwezi wa nane ulivyo: ardhi nyekundu, miti mitupu, mbuzi wanatafuta majani juu ya miiba. Mwaka ule mwezi wa pili shamba langu lililo nyuma ya nyumba lilikuwa la kijani mpaka ukilitazama unataka kuvua kofia. Mtama ulikuwa umenifika mabegani na ulikuwa unapiga kelele kwenye upepo. Kila asubuhi nilitoka kuukagua kama ofisa anayekagua gwaride.

Wakwe walikuja kutoka Kondoa kwa gari mbili, wamebeba kidumu cha asali na majamvi. Baba mkubwa wa kijana, mzee mwenye kofia nyeupe na ndevu zilizotiwa hina, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Ng'ombe walikuwa wametangulia. Nilipowafungulia mlango wa zizi kwa mkono wangu, mke wangu alipiga kigelegele kimoja kirefu, na wanawake wenzake wakadakia.

Mbuzi alichinjwa na baba mkubwa mwenyewe, tukala wote chungu kimoja. Kisha wanawake wakatoa ngoma za muheme, ambazo kwetu hupigwa na wanawake, wamezibana katikati ya mapaja. Mke wangu ana umri wa kuitwa bibi na watu asiowajua, lakini siku ile alipiga ngoma mpaka kilemba kikafunguka. Wazee wa Kondoa walianza kwa kutikisa vichwa tu. Mwishowe baba mkubwa akasimama, akakunja mikono ya kanzu.

"Mzee mwenzangu," akaniambia kwa sauti ya juu, maana ngoma ilikuwa karibu, "ulitucheleweshea raha hii kwa sababu gani?"

"Nilikuwa ninanenepesha mbuzi," nikamjibu.

"Basi amenenepa!"

Mpiga picha wa mjini alikuwa anazunguka na kamera yake. Alitaka kutupanga mbele ya nyumba, kwenye ukuta uliopakwa rangi mpya. Nikakataa. Nikawapeleka wote shambani, tukasimama mbele ya mtama: maharusi katikati, mimi upande wa binti yangu, mke wangu na ngoma yake, baba mkubwa na kofia yake. Mtani akacheka.

"Mgogo akiona kijani anadhani amefika peponi. Umeacha ukuta wenye rangi unakuja kupiga picha na chakula?"

"Wewe babu yako alipita hapa amebeba mizigo ya watu kichwani," nikamwambia, "hakuwa na nafasi ya kutazama pembeni."

Kijana, mkwe wangu, alikunja jani moja la mtama, akalinusa, akatabasamu. Nilimwekea mkono begani. Katika maisha yangu sijawahi kujisikia mwepesi kiasi kile.

Likizo ikaisha, kijana akaondoka. Siku chache baadaye nikaenda studio kuchukua picha, nyingi, zimechapishwa kwenye karatasi nzito. Nilizitandaza mezani. Zilipendeza kupita matarajio. Kijani kilikuwa kimetanda nyuma yetu sote kama pazia. Mtani akaja kuziona, akazishika kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo harusi," akasema. "Umati, ngoma, baba yupo. Sasa andika nyuma majina na tarehe, wao wanataka hivyo. Mwandiko wako ni mzuri."

Mwandiko wangu ni mzuri kweli. Nilisoma sekondari enzi ambazo mwalimu alikuchapa kwa herufi iliyolala vibaya.

"Tarehe ya mwezi huu?" nikauliza.

"Mwezi huu kwani cheti kinasema mwezi huu? Andika ya cheti. Ukiwaletea harusi mbili watauliza ipi ni ipi. Watachanganyikiwa. Harusi ni moja, tarehe ni moja."

Hapo ndipo niliposema sawa. Na nisimsingizie mtani wangu. Yeye alitoa ushauri. Kalamu niliishika mimi, na nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia. Nilipoandika ile tarehe ya mwezi wa nane nyuma ya picha ambayo mimi nipo, nimesimama kando ya binti yangu, nilikuwa ninaifuta safari ya Zuzu. Niliandika taratibu, picha baada ya picha, "Siku ya harusi," nikapuliza wino ukauke.

Binti yangu alirudi kutoka kazini, akaosha mikono, akaanza kuzitazama. Alicheka alipomwona mama yake na kilemba kilichofunguka. Kisha akageuza moja. Akageuza ya pili.

"Baba, tarehe hii."

"Ndiyo ya cheti."

"Lakini hii si siku ya bomani. Tungeandika tu sherehe ya familia ilifanyika baadaye. Nilishafikiria kuandika barua fupi ya maelezo, na ile picha ya bomani tuiweke juu."

Huyu alikuwa mtu wa masjala akisema. Faili la mtu mwingine asingeliruhusu lipite na kosa kama hilo.

"Mwanangu," nikamwambia, "ile ya bomani mimi simo. Unataka wajue baba yako hakuwepo?"

Alinitazama. Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nimefurahi, na picha zilivyopangwa, na kalamu bado iko wazi. Katika nyumba yetu mtoto hamwambii baba yake mara ya pili kwamba amekosea.

"Basi, Baba," akasema. "Asante kwa kuandika vizuri."

Akaziingiza kwenye faili. Ile ya bomani ikabaki kwenye kabati.

Siku aliyoitwa kwenye usaili wa viza Dar es Salaam tulimsindikiza stesheni ya treni, mke wangu, mimi na mtani. Alivaa kitenge alichoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Mtani alimfundisha njia nzima namna ya kujibu: "Usiangalie chini. Ukiangalia chini wanadhani una deni." Tulikuwa tunacheka. Mke wangu alikuwa ameshaanza kuuliza watu sweta nzito zinauzwa wapi.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa baadaye na mkwe wangu kwa simu, kwa sababu binti yangu alikataa kuyasema. Aliyemhoji alikuwa mama mmoja Mzungu mpole, anayejua Kiswahili, ambaye ujanani mwake alifundisha shule upande wa Singida. Alizipenda picha. Alimsifu mke wangu na ngoma. Kisha akauliza harusi ilikuwa lini, akageuza picha akasoma mwandiko wangu, akaigeuza tena akautazama mtama.

"Mwezi wa nane?" akauliza. "Dodoma?"

Binti yangu alimweleza ukweli wote hapo hapo: ndoa ya bomani, mahari iliyochelewa, sherehe ya mwezi wa pili. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, nani aliandika tarehe hizi.

"Mimi," binti yangu akasema.

Hakutaka jina la baba yake liandikwe mahali popote kama mwongo. Likaandikwa lake. Barua ya kukataliwa ilisema amewasilisha kielelezo cha uongo kwa makusudi, na kwa kosa hilo alifungiwa asiombe tena kwa miaka mingi. Wakakata rufaa. Tukapeleka ile picha ya bomani, kiapo changu kipya kinachokiri kwamba kalamu ilikuwa yangu, barua ya baba mkubwa. Jibu likarudi kuwa mwombaji mwenyewe alikwisha kukiri kuandika.

Mkwe wangu alitaka kuacha kazi arudi. Binti yangu alimkatalia, kwa kuwa mama mzazi wa kijana kule Kondoa alikuwa mgonjwa wa figo na matibabu yake yalitegemea ajira ile. Walishikilia kadiri walivyoweza. Simu za Ijumaa ziliendelea, halafu zikawa za baadhi ya Ijumaa. Mwisho wakakubaliana kwa sauti za chini, bila ugomvi, wakaenda mahakamani kuivunja ndoa.

Ng'ombe niliwarudisha, kama desturi inavyotaka. Baba mkubwa alikuja mwenyewe kuwachukua. Hakunilaumu. Alikunywa chai, akatazama shamba, ambalo wakati huo lilikuwa limeshavunwa, mabua matupu na vumbi.

Binti yangu anaishi nasi, katika chumba chake cha zamani. Ananiamkia kila asubuhi, ananiwekea maji ya kuoga. Siku hizi akiwa na karatasi ya kujaza anaijaza kazini, haileti nyumbani. Mwaka jana mkwe wangu wa zamani alioa huko huko aliko, na binti yangu ndiye aliyenipa habari hiyo, akiwa anachambua mlenda, bila kuinua macho.

Alimpenda yule mume, naye alipendwa. Nilimkosesha mimi, kwa sababu niliona haya ijulikane kwamba siku ya ndoa yake nilikuwa Zuzu.